Kabla ya Pandora Kulikuwa na Bunkeya

Wasee wenye walienda kummaliza mfalme wa Katanga walikuwa wanabonga Kiswahili. Maze, hiyo kitu imekataa kutoka kwa kichwa yangu tangu nirudi kutoka Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo.

Ilikuwa 1891. Kampuni ya Brussels, Compagnie du Katanga, ilimpa kapteni mmoja wa Kanada, William Grant Stairs, kazi ya kuweka nchi ya huyo mfalme, Msiri, chini ya bendera ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Stairs hakupitia mto Kongo. Alianzia Zanzibar na Bagamoyo, akaandika wapagazi na askari wa pwani zaidi ya 300, akapita Tabora, akavuka Ziwa Tanganyika, akachapa mguu hadi Bunkeya, mashariki mwa Kolwezi ya leo. Walami kwa huo msafara walikuwa watano. Watano tu, buda. Hao wengine wote, wenye walibeba, wakapika, wakalinda usiku, wakashika bunde mchana, walikuwa watu wa huku kwetu.

Na kule walikokuwa wanaenda, nani alikuwa anangoja? Msiri mwenyewe alikuwa mtoto wa Unyamwezi, nchi ile ile ya Tabora yenye msafara ulikuwa umetoka kuipita. Kwa mji wake wafanyabiashara wa pwani walikuwa wanaingia na kutoka kwa miaka. Yaani siku ya noma ilipofika, pande zote mbili za ua kulikuwa na wasee wenye wangeweza kusalimiana.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Mbogi yetu ya Kayole, Nairobi, inapenda saifai vibaya. Jumapili jioni tunapachika shuka jeupe kwa ukuta, tunakodi projekta, kila msee anachanga, na mandazi ya mathe wa jirani inamalizwa kabla hata muvi ianze. Tulipocheki Dune ya pili, ile ya 2024, base iligawanyika katikati. Nusu walikuwa na Paul: kijana amepoteza mbuyu, nyumba yake imemalizwa, Fremen, wenyeji wa huko, wamempokea jangwani, basi acha awaongoze. Nusu walikuwa na Chani, mwenye anamcheki yule jamaa akigeuzwa mungu, na mwisho anajitenga, anaenda zake kuita mnyama wa mchanga. Nilikuwa upande wa Chani na bado niko. Lakini tulibishana hadi saa saba usiku na hakuna mtu aliuliza swali lenye Kolwezi iliniuliza baadaye.

Cheki vile hizi muvi zinaundwa. Kuna wenyeji, ni kabila moja, roho moja. Kuna wageni wametoka mbali na mashini, wanataka kitu kimoja kutoka chini ya ardhi. Kwa Avatar ya James Cameron, 2009, huko Pandora, hicho kitu ni jiwe lenye jina lake lenyewe linamaanisha hakipatikani. Kwa Dune ni kiungo cha jangwani. Halafu mgeni mmoja anaingiwa na huruma, anavuka, anajifunza kupanda mnyama wa wenyeji, na ushirikiano unaanza, wa kushukiana, wa jicho moja wazi. Swali la muvi ni moja tu: huyu mgeni ataaminika ama atawauza?

Kolwezi ilinifunza kwamba kuna mtu ameachwa nje ya hiyo stori. Jirani. Hakuna mtu Katanga alishikana mkono na mgeni kwa sababu alimpenda. Alimshika mkono kwa sababu ya jirani.

Anza na Msiri. Jina la kuzaliwa Ngelengwa. Mbuyu wake Kalasa alikuwa mtu wa misafara, anatoka Unyamwezi kusaka shaba. Kijana akamfuata katikati ya karne ya 19, akaona nchi, akabaki. Wenyeji wa hapo, Wasanga na Walamba na wengine, hawakuwa wajinga wa jangwani wakingoja mwokozi. Wasanga walikuwa mafundi wa shaba tangu kitambo. Walikuwa wanayeyusha mawe ya kijani, wanamimina kwa kalibu zenye umbo la msalaba, na hiyo misalaba ilikuwa pesa, ilikuwa mahari, ilitembea nchi mbali sana. Lakini kila chifu alikuwa na adui mlangoni. Na Ngelengwa alikuja na bunduki. Akamsaidia huyu kumpiga yule, akapewa ardhi. Akamsaidia mwingine, akaongeza. Kufika miaka ya 1880 yeye ndiye alikuwa mfalme wa Garenganze, watu wake wakaitwa Wayeke, na Bunkeya ikawa mji mkubwa wenye njia mbili: moja inaenda magharibi hadi Benguela kwa bahari ya Atlantiki, moja inaenda mashariki hadi pwani ya Zanzibar. Shaba, chumvi, pembe, na watu pia. Hii ya watu siwezi kuificha ili Msiri apendeze. Aliuza binadamu, na wenyeji walibeba huo uchungu.

Kwa hivyo yule "mwenyeji" wa stori yetu alikuwa mgeni wa jana, na alikuwa ameingia kwa mlango ule ule wenye mlami alikuja kuingilia. Alijua huo mchezo vizuri kuliko mtu yeyote. Mmisionari Frederick Stanley Arnot alipofika 1886, Msiri alimkaribisha, akamweka karibu. Alfred Sharpe alipokuja 1890 na mkataba wa Waingereza, Msiri alikataa. Mwaka uliofuata akabadilisha hesabu, akaandikisha barua kumrudisha Sharpe, ili awagonganishe Waingereza na watu wa Leopold. Stairs alikutana na hiyo barua njiani, akaishika. Hiyo pekee ni muvi nzima: mfalme anasubiri jibu la barua yenye haikufika.

Na wakati huo huo nyumbani kumechemka. Wasanga walikuwa wameinuka dhidi yake. Njia za baruti zilikuwa zimekatwa, njaa imeanza kuuma. Msafara wa Stairs ulifika tarehe 14 Desemba 1891 na ukamkuta Msiri akiwa amezungukwa na majirani wenye walikuwa wamechoka naye. Stairs akamwambia apokee bendera, Msiri akachelewesha, akahamia kijiji cha karibu. Tarehe 20 akatumwa kapteni Omer Bodson na askari kama 100 wamlete. Yakatokea maneno, Bodson akampiga risasi Msiri akafa, na Bodson mwenyewe akapigwa hapo hapo na watu wa mfalme. Watu wa Stairs wakamkata Msiri kichwa wakakiweka juu ya mti. Siku sita, imeisha.

Sasa skia kilichofuata, kwa sababu hapa ndipo hakuna muvi imewahi kufika. Mtoto wake, Mukanda Bantu, ndiye aliwekwa kurithi, juu ya kipande kidogo cha ile nchi. Ungetarajia alipize kisasi. Hakulipiza. Alijiunga na walewale wenye walimuua mbuyu wake, akapigana bega kwa bega na askari wa Dola Huru ya Kongo, ile ya Leopold, kwa miaka, na wenye walikuwa wanapigwa ni Wasanga, wale wenye waliasi. Wasanga walizingirwa hadi kwa mapango. Mukanda Bantu akafa 1910, bado chifu, na ukoo wake bado uko Bunkeya hadi wa leo.

Nilimhukumu mapema sana huyo jamaa. Niliposikia stori mara ya kwanza, nikiwa nimekaa Kolwezi na sahani ya bukari na sombe mbele yangu (bukari ni ugali, na sombe ni majani ya muhogo, na vile zimepikwa huko zinakushika), nilisema huyo ni msaliti. Mzee mwenye alikuwa ananisimulia akaweka kijiko chini. Akaniuliza kwa Kiswahili chao cha Katanga, chenye "watu" ni "batu" na "ndiyo" ni "njo": ungekuwa ni weye, na watu wako wanakufa njaa, na Basanga wanakuja, ungefanya nini? Sikuwa na jibu na bado sina. Najua tu kwamba alichonunua na huo urafiki ni kubaki hai, na alilipa na kila kitu kingine.

Shaba sasa ikawa ya kampuni. Union Minière ilianzishwa 1906, na 1937 Kolwezi ikajengwa kama makao ya migodi ya magharibi. Wafanyakazi wakaletwa kutoka kila pembe, wakawekwa kambini, na lugha ya kambi ikawa Kiswahili. Ndiyo maana kijana wa Kolwezi na kijana wa Kayole wanaweza kubonga leo bila mtafsiri, ingawa kuna maneno yanacheza. Kwetu "mboka" ni kazi. Kwa Kilingala, chenye pia kinasikika mtaani kule, "mboka" ni nchi, ni kijiji. Nilimwambia dem mmoja wa dukani kwamba nimekuja kusaka mboka, akaniambia mboka iko hapa, umeikanyaga.

Ukifika uhuru, mchezo unarudi na sura mpya. Julai 1960 Katanga inajitenga. Juu kuna Moïse Tshombe, mkwe wa Mwaant Yav, mfalme wa Walunda. Pembeni yake, waziri wa mambo ya ndani ni Godefroid Munongo, wa ukoo wa Msiri mwenyewe. Wamesimama na nani? Na Union Minière, walowezi wa Kibelgiji na mamluki. Dhidi ya nani? Dhidi ya Lumumba, waziri mkuu wa mbali, ndio, lakini pia dhidi ya jirani: Waluba wa kaskazini, na watu wa Kasai wenye wazazi wao waliletwa kuchimba. Mjukuu wa yule mwenye kichwa kilikatwa ameshikana mkono na warithi wa wakataji. Kolwezi ndiyo ilikuwa ngome yao ya mwisho, hadi Januari 1963. Wanajeshi wao wakahamia Angola, na Mei 1978 wengi wakarudi kama waasi wakashika Kolwezi, wanajeshi wa Ufaransa wakashuka na parachuti, na watu wa mji wakafa kwa mamia. Miaka ya 1992 na 1993 ikawa zamu ya Wakasai kufukuzwa, maelfu wakilala kwa stesheni za treni za Likasi na Kolwezi wakingoja kupelekwa "kwao", na wengi walikuwa wamezaliwa hapo. Wewe mwenye unapenda kusema wenyeji wawapige wageni, tafadhali kaa na hiyo picha ya stesheni.

Na kama unadhani roketi ziko kwa muvi pekee, 1975 rais Mobutu aliipa kampuni ya Kijerumani inaitwa OTRAG eneo la kilomita mraba kama 100,000 kaskazini mwa Katanga, wakati huo inaitwa Shaba, ili irushe roketi. Roketi ya kwanza ilipaa tarehe 17 Mei 1977. Kufika 1979 mradi ulikuwa umefungwa. Kampuni binafsi ya anga, na ardhi kubwa kuliko nchi kadhaa za dunia. Hiyo haikuandikwa na mtunzi yeyote.

Leo ukiingia Kolwezi kwa barabara kutoka Lubumbashi unapita Likasi, unapita Fungurume, na malori yanakuja hayaishi, vumbi jekundu hadi kwa meno. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia na sehemu kubwa inatoka hapa. Simu yako, hii unasomea, huenda iko na kitu ya hapa ndani. Hela ni dola na franka, na kila msee anaongelea bei ya madini vile si tunaongelea matokeo ya mpira.

Wenye walinigusa ni vijana wa shimo. Wanaitwa "creuseurs", na ni wa umri wangu au chini. Mtaa wa Kasulo, mwaka 2014, mtu alikuwa anachimba kwake akakuta heterojeniti, lile jiwe jeusi lenye limebeba kobalti. Habari ikapasuka. Watu wakachimba ndani ya nyumba, chini ya kitanda, chini ya jiko, mashimo yakashuka mita nyingi na kukutana chini kwa chini. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikapewa kampuni ya Congo Dongfang Mining, ya kundi la Huayou la Uchina. Mamia ya familia wakahamishwa, ukuta ukajengwa, na mchimbaji akabaki anachimba ndani ya ukuta na kuuza kwa huyo mwenye ukuta. Juni 2019 udongo ulianguka kwa mgodi wa Kamoto Copper Company ukaua wachimbaji wasiopungua 43 wenye walikuwa wameingia kivyao.

Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inasema asilimia 15 ya mrabaha iende kwa serikali za chini za eneo la mgodi, na asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni iende kwa maendeleo ya jamii ya karibu. Ni kitu, sitaidharau. Lakini mezani anakaa nani? Chifu wa ardhi anaitwa, kwa sababu ukoo wake unajulikana. Kampuni inakaa. Gava inakaa. Na yule kijana wa shimo mwenye alitoka Kasai, ama kaskazini, ama amezaliwa kambini bila kijiji cha kurudi? Yeye hana ukoo wa kuitiwa mezani. Kwa Avatar angekuwa wapi? Hayuko kwa Na'vi, wale wenyeji, hayuko kwa kampuni. Hajaandikwa.

Ndio maana nilipenda Neptune Frost, ile muvi ya Saul Williams na Anisia Uzeyman yenye ilionyeshwa Cannes 2021. Ilipigwa Rwanda, stori iko Burundi. Inaanza na mchimbaji wa koltani mwenye ndugu yake amekufa kwa mgodi, anaondoka, anafika kwa kijiji cha wadukuzi kilichojengwa na mabaki ya kompyuta. Hakuna mlami wa kuvuka upande. Ushirikiano ni wa mwenye alichimba na mwenye ameelewa mashini, na wanabonga Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili. Kuna muda niliacha kuelewa nikaanza tu kuhisi, na sikujali.

Watu wa Katanga hawakungoja kamera ndio waanze kutunga. Enzi za Wabelgiji, Elisabethville, yenye leo ni Lubumbashi, kulikuwa na stori ya batumbula. Usiku unatembea peke yako, unakamatwa, unapewa dawa unakuwa bubu, unalishwa hadi unanona kama nguruwe, halafu bazungu wanakula. Si huku tulikuwa na mumiani, na wazimamoto wa kunyonya damu, shosho yangu alikuwa ananitishia nao nisichelewe kurudi nyumbani. Mwanahistoria Luise White aliziandikia kitabu kizima mwaka 2000. Mimi nasema hizo ni saifai zetu za kwanza, na zinasema ukweli wa kambi kuliko ripoti ya kampuni: mwili wako unaingia kazini, unatoka umekuwa chakula cha mwingine. Lakini cheki nani anakukamata usiku kwa hiyo stori. Si mzungu. Ni mtu mweusi kama wewe, ametumwa, anajua njia ya kwenu. Mashosho walimwona jirani kabla yangu.

Sasa hivi mataifa makubwa yanashindania njia ya kutoa shaba. Marekani na Ulaya wanasukuma reli ya Lobito, kupitia Angola hadi Atlantiki. Uchina inasukuma TAZARA hadi Dar es Salaam. Chora hizo laini mbili kwa ramani halafu uweke juu yake njia za Msiri, ya Benguela na ya Zanzibar. Nilifanya hivyo kwa karatasi ya daftari, kwa basi ya kurudi, na mkono ukasimama.

Mbogi tumeanza kuandika yetu. Si ya sayari ya mbali, ama labda itakuwa, bado tunabishana. Lakini sini ya kwanza nimeishika na siachilii. Ni alfajiri, tarehe 19 Desemba. Kijana wa Bagamoyo amewekwa lindo kwa ukingo wa kambi, ana njaa, viatu vimeisha kitambo. Ng'ambo ya ua wa miti kuna kijana wa Kiyeke na bunduki yake, naye hajala. Wa Bagamoyo anakohoa. Wa ng'ambo anauliza, kwa Kiswahili chenye babu yake alikibeba kutoka Tabora, kama ni mgonjwa. Kimya kirefu. Halafu wa Bagamoyo anauliza kama huko ndani kuna chumvi.